Nilivyoiga kwenye kompyuta ultrasaundi ya kuziba mshipa unaovuja

Mtoto wa mama yangu mdogo alifia njiani kuelekea hospitali baada ya ajali ya bodaboda. Kwa nje alikuwa na michubuko tu. Ini ndilo lililopasuka. Ndiyo maana mada yangu ya uzamili ikawa ultrasaundi iliyokusanywa. Kifaa chenye umbo la bakuli hutuma mawimbi ya sauti kupitia ngozi, nayo hukutana ndani ya mwili mahali padogo kama punje ya mchele na kupachoma bila kisu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Shahram Vaezy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha kwa wanyama kwamba joto hilo linaweza kuziba ini linalovuja.

Maabara sikuwa nayo. Nilikuwa na kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8.

Jaribio la kwanza lilinivunja moyo: kitovu, yaani mahali mawimbi yanapokutana, sentimita 5 ndani, kilipata uvuguvugu tu, na joto jingi likabaki karibu na ngozi. Nilihangaika wiki tatu nikikagua milinganyo. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja: "Mwanangu, namba hii ya upotevu ni desibeli au neperi?" Vyote viwili ni vipimo vya jinsi sauti inavyofifia njiani. Yangu ilikuwa desibeli. Vitabu huandika takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwenye megahezi 1, lakini mlinganyo unataka neperi, yaani ugawe kwa 8.686. Kwa kutogawa nilikuwa nimeyamaliza mawimbi kabla hayajafika. Tangu siku hiyo kila programu ninaijaribu kwanza kwenye maji, nikilinganisha shinikizo kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati ya bakuli, na jibu la kihisabati la O'Neil la 1949 kwa bakuli kama langu. Zisipolingana, siendelei.

Kisha kompyuta ikazidiwa. Mchemraba wa sentimita 6 uliogawanywa kwa robo milimita una vipande karibu milioni 14. Mawimbi makali hubadilika umbo yanaposafiri na kuzaa mawimbi mengine ya megahezi 2 na 3, hivyo kuyafuata kunadai vipande vyembamba mara tatu kila upande, yaani mara 27 kwa idadi. Hapo RAM yangu haikufua dafu.

Kilichoniokoa ni kutenganisha sauti na joto. Sauti husafiri kwenye damu na kwenye ini kwa kasi zinazokaribiana, kwa hiyo mshipa mdogo hauipindi sana. Nikaukokotoa uwanja wa sauti bila mshipa, kwenye bapa moja tu, kwa sababu bakuli ni sawa pande zote za mhimili wake. Kisha nikalizungusha bapa hilo kupata umbo kamili. Joto ndilo nililolikokotoa kwenye mchemraba, mshipa ukikatiza kitovu.

Hapo nikajifunza jambo ambalo mlinganyo wa Pennes wa 1948, unaokadiria jinsi damu inavyobeba joto mwilini, haukunionyesha. Unafaa kwa vijishipa vidogo vilivyotapakaa, lakini damu yangu ilikuwa ikikimbia sentimita 20 kwa sekunde. Nilipoiongeza kasi hiyo, namba zikalipuka, mpaka nikapunguza hatua ya muda kutoka sekunde 0.05 hadi chini ya milisekunde 1.25, ili damu isiruke kipande kizima kwa hatua moja. Baada ya hapo ramani ya joto ilitulia, na jibu likawa wazi: damu ilivuka kitovu kwa takriban sekunde 0.01 na haikupanda hata nyuzi moja, ilhali ini la pembeni lilikuwa likipanda zaidi ya nyuzi 20 kila sekunde. Kabla ya kuweka mtiririko, modeli ilikuwa ikidai kwamba mshipa wote umeiva.

Basi nikaacha kulenga katikati ya mshipa. Nikakizungusha kitovu kwenye nyama inayolizunguka tundu linalovuja, nje kidogo ya ukuta wa mshipa, na nyama hiyo ilipovuka nyuzi 70 pande zote nilipiga simu nyumbani, nikamweleza mama mdogo nilichokiona.