Lafudhi ya Mzee Schuman

Jamani, leo nimefika nyumbani kwa Robert Schuman!

Kijiji kinaitwa Scy-Chazelles, karibu na Metz, huku mashariki mwa Ufaransa. Nilitarajia jumba la kifahari. Wapi! Nyumba ya kawaida, bustani, na jirani yake kikanisa cha kale alimozikwa.

Mtu huyu alikuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa mwaka 1947, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya vita, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Umoja wa Ulaya ulichipukia hapo.

Ila kilichonigusa ni kingine.

Alizaliwa Luxembourg 1886, akiwa raia wa Ujerumani. Ufaransa ilimpata ukubwani, Lorraine, eneo hili la Metz, iliporudishwa kwa Ufaransa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 akawa mbunge!

Na Kifaransa chake kilibaki na lafudhi ya Kijerumani.

Waziri Mkuu mzima. Na lafudhi yake.

Nikacheka peke yangu pale bustanini. Maana juzi nimerudishwa nirudie neno moja mara tatu dukani kwa sababu ya hii "r" yangu ya Tanga. Niliondoka na ufunguo wangu mbovu nikiwa nimenuna.

Mlio ughaibuni, neno gani bado linawashinda? Langu ni "serrurerie", yaani duka la fundi wa kufuli na funguo. Msinicheke 😅