Kitana cha kwenye mkoba

Jana mwalimu wa mwanangu kaandika kwenye grupu la wazazi tuwaangalie watoto vichwani, darasani kuna chawa. Weee! Hata dakika tano hazijaisha grupu limewaka, kila mzazi anaapa wa kwake anaoga asubuhi na jioni, mmoja akauliza kabisa eti wale wanaotoka kule bondeni wameangaliwa? Mimi nikaweka simu chini. Nilikuwa nimeshafika Tukuyu kwa Bibi, Desemba ya 1999.

Ndo likizo ile baba mdogo alikuja na redio kubwa kutoka Dar. Walishuka na treni Mbeya wakaja kupanda Hiace, yeye, mama mdogo na binti yao tuliyekuwa tunamwita dada japo umri tunalingana, ana nywele za singa mpaka mabegani maana mama yake ni mtu wa Tanga. Mvua ya Tukuyu mnaijua, inanyesha mpaka shuka zinakuwa na unyevu, kwa hiyo watoto wote tulilazwa kitanda kimoja blanketi moja, vichwa vimegusana usiku kucha. Krismasi ikapita, dada akaanza kujikuna. Mama mdogo akamfunua nywele, akapiga yowe.

Kesi haikuchukua muda. Chawa ni wa watoto wa shamba, nani aulize ushahidi? Bibi mwenyewe akasema "mmemwambukiza mtoto wa watu". Mimi na mdogo wangu tukafumuliwa misuko yetu ya sikukuu, ile ya "twende kilioni", mjomba akashika wembe, tukabaki upara na ile baridi. Jirani akaja na kichupa cha mafuta ya taa tupakwe, Shangazi akamrudisha nacho palepale mlangoni. Shangazi alikuwa muuguzi wa zahanati, alishapokea mtoto aliyepakwa mafuta ya taa kichwani halafu akasogea jikoni kuota moto. Hiyo habari hakuwahi kuimalizia.

Dada hakunyolewa. "Nywele hizi wifi, jamani, nitamwambia nini baba yake," mama mdogo akasema, huku baba yake mwenyewe yuko hapo nje anatafuta stesheni. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya kondishena na kitana cha chuma chenye meno membamba yamebanana, akampa Shangazi.

Mengine ya likizo ile yamenichanganyikia ila barazani pale naona kila kitu. Mvua imekata kidogo, Shangazi kakaa kwenye kigoda upande wa mwanga, dada yuko kwenye mkeka katikati ya magoti yake, mimi na upara wangu nimeshika beseni la maji ya moto. Akalowesha nywele zote, akamwagia kondishena nyingi mpaka zinateleza, akasema chawa akilowa hivyo anazubaa, hakimbii. Akaanza na chanuo pana kutoa mafundo. Halafu ndo kitana, fungu moja moja, anakigusisha kwenye ngozi kabisa, anavuta taratibu mpaka kwenye ncha, anakifuta kwenye kitambaa cheupe, anakichovya kwenye beseni langu, anarudia. Chawa wakawa wanabaki pale kwenye kitambaa kama ufuta, ila ufuta unaochezesha miguu. Na anavyochana ananifundisha kwa sauti ya chini. Kwamba chawa haruki na mbawa hana, anatambaa tu kutoka kichwa hadi kichwa na hajali kimeoshwa lini. Kwamba jike anagandisha yai kwenye unywele karibu kabisa na ngozi lipate joto, siku 7 hadi 10 linaanguliwa, ganda linabaki limeng'ang'ania hapohapo, na nywele zikikua linapanda nazo, kama sentimita 1 kwa mwezi.

Akafika nyuma ya sikio. Akasimamisha kitana.

Akainua lile fungu kwenye mwanga. Maganda meupe, yamejipanga, na hayakuwa karibu na ngozi. Shangazi akaweka vidole viwili kupima na bado vikabaki chini ya maganda. Mimi hesabu nilikuwa naziweza. Hawa watu walikuwa wamefika mwanzoni mwa mwezi uleule.

"Wifi, kuna nini?" mama mdogo akauliza kutoka kwenye kiti.

Shangazi akanitazama mimi kwanza. "Hakuna kitu wifi. Mayai tu."

Akayavua na kucha moja moja, akayafuta, akakunja kitambaa upande ule uingie ndani. Akaendelea kuchana.

Baba mdogo ndo alikuwa anamlipia ada binamu yangu, mtoto wa Shangazi, sekondari. Nawaachia hapo. Kichwa kile alikirudia kila baada ya siku 3 au 4 mpaka wakaondoka kikiwa safi, na Bibi aliendelea kutuita wenye chawa hadi Pasaka. Kusema kweli Januari tungenyolewa tu, shule yetu hakuna aliyeruhusiwa kufuga nywele, kwa hiyo sijui hata nadai nini. Niliwahi kumuuliza Shangazi, mimi mtu mzima tayari na mtoto mgongoni. Akasema, "Chawa gani?" akaniambia nigeuze ndizi zisiungue.

Jana usiku nikampigia mdogo wangu, nikamwambia habari ya mayai, hakuwa anaijua kabisa. Akakaa kimya nikadhani mtandao umekata.

"Dada," akasema, "na kile kitana? Mtu anasafiri nacho kutoka Dar kwenye mkoba, cha nini?"

Halafu salio lake, sorry, langu, likaisha.