Jinsi Nilivyolinda Jina Langu katika CRB Baada ya Talaka

Mahakama ilipotoa amri ya mwisho ya kuvunja ndoa yetu, madeni tuliyokuwa tumeyachukua pamoja yalibaki vilevile. Wanawake wengi hapa Kenya huamini kwamba makubaliano ya talaka yakishaeleza kuwa mume ndiye atakayelipa mkopo wa gari, basi mkopo huo hauwahusu tena. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya ndoa yagawanywe sawa baina ya wanandoa, lakini mgawanyo huo unawafunga wao wawili tu. Benki haikuwa mhusika katika kesi yetu, na mkopo wa pamoja huipa haki ya kumdai yeyote aliyetia sahihi, tena deni zima.

Kwa hiyo nilianza kwa kutafuta kujua ninadaiwa nini. Kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya ndizo zinazotunza taarifa za jinsi watu wanavyolipa mikopo, na ndizo zinazoitwa CRB, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo; kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Niliomba zote tatu nikazilinganisha. Humo nilikuta mkopo wa simu uliochukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu, ingawa laini yenyewe ilitumiwa na aliyekuwa mume wangu. Niliulipa, nikaifunga laini hiyo, kisha nikamwachia wakili wangu kazi ya kudai fedha hizo. Mtu aliyewahi kumsajilia mwenzi wake laini ya Safaricom anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizo chini ya kitambulisho chake.

Kuhusu gari, ofisa wa mikopo alinieleza waziwazi kwamba jina langu halingeondolewa kwa sababu ya talaka pekee. Njia iliyobaki ilikuwa mume wangu wa zamani aombe mkopo mpya kwa jina lake, kwa kutegemea mshahara wake mwenyewe, ili ule wa pamoja ulipwe wote. Wakati ombi hilo likishughulikiwa, mawakili wetu waliandika kwamba akichelewa nitalipa mimi, na kiasi hicho kitakatwa katika fungu lake nyumba itakapouzwa. Sharti hilo nililipigania sana, kwa sababu malipo yakichelewa wanaoathirika ni wote wawili, na taarifa mbaya hubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka 5 hata baada ya deni kulipwa. Mkopo wa pamoja ulipofungwa, niliidai benki barua ya kuthibitisha hivyo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa dhamana. Nilikuwa nimemdhamini kwa akiba yangu katika Sacco alipokopa kununua kiwanja, na mdhamini hajitoi mpaka apatikane mwingine wa kushika nafasi yake. Mkopaji akishindwa, akiba ya wadhamini ndiyo inayochukuliwa. Shemeji yangu mkubwa, ambaye bado tunaheshimiana, alikubali kunipokea mzigo huo, na nitamshukuru daima. Wenzangu wanaotalikiana naomba wasiliache suala hili hadi mwisho, kwa maana dhamana husahaulika kwa urahisi kuliko mkopo.

Nilibadilisha pia anwani na namba ya simu kwa kila mkopeshaji. Mkopeshaji hutakiwa kumwarifu mteja siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya kumhusu, na ilani iliyotumwa katika nyumba nisiyoishi tena isingenisaidia kitu.

Mwaka uliofuata niliomba ripoti upya. Moja kati yake bado ilionyesha mkopo wa gari kuwa haujalipwa. Niliwasilisha malalamiko nikiambatisha ile barua ya benki, na kumbukumbu ikasahihishwa.