Beatles kwa Ed Sullivan, bado naicheka ile ya John

Yani watu wakiongelea Beatles, ile bendi ya Waingereza wanne, na tivii wote wanakimbilia kwa Ed Sullivan, kile kipindi cha tivii cha Marekani, New York, Februari 9, 1964, utadhani jamaa hawajawahi kuona kamera kabla ya hapo, wakati kwao Uingereza walishatokea kwenye Granada, kituo cha tivii cha Manchester, tangu Oktoba 1962. Ila nawaelewa, maana ile ya Marekani ilikuwa balaa. Watu kama milioni 73 waliangalia, ukumbini viti 728 tu na maombi ya tiketi yalipita elfu 50, sasa piga hesabu mwenyewe wangapi walikosa.

Mimi ninachopenda pale sio hata muziki (wenyewe unagombana na kelele za mabinti), ni ule wimbo wa pili, wa taratibu, kamera inapita kwa mmoja mmoja na jina lake linatokea kwenye skrini, Paul, Ringo, George, halafu ikifika kwa John wameongeza kamstari: samahani wasichana, huyu ameoa. Hahaha wamemchoma laivu nchi nzima! Na George siku moja kabla alikuwa hoi, koo linamsumbua hadi mazoezi akayakosa, lakini ukimwona na gitaa lake huwezi kujua kabisa. Ringo ndo usiseme, yuko huko juu nyuma ya wenzake anatingisha kichwa na nywele zake, huyo ndo alienjoi kuliko wote, bisheni tu.