Elbo Niliyoikaza Mimi

Tuliondoka Butiaba, kwenye Ziwa Albert nchini Uganda, saa kumi jioni, watu tisa ndani ya mtumbwi wa injini, tukielekea Kibiro, ufuko wa pili. Elbo ya tangi la petroli, kile kiungo kilichopinda cha kutolea petroli, nilikuwa nimeikaza mimi, kwa mkono wangu.

Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa pili nikijifunza ufundi kwa baba mdogo. Injini za mwalo wetu karibu zote zilikuwa kuukuu, za mipigo miwili, zimepita mikono mingi. Kilichozisumbua zaidi si pistoni wala plagi, ni vile viungo vidogo vya petroli: kipande cha shaba chenye meno kama ya skrubu, kimefungwa kwenye alumini. Alumini ni laini. Mtetemo unalegeza, mtu anakaza. Kinalegea tena, anakaza kwa spana ndefu zaidi, hadi siku moja meno yanakatika na kutoka kama unga wa fedha.

Elbo ile ilikuwa imefikia hapo. Ilizunguka kwa vidole. Baba mdogo alikuwa Masindi kutafuta vipuri na nahodha alikuwa na haraka, basi nikachukua tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikaizungusha mara nyingi toka ncha kabisa, nikakaza mpaka ikagoma. Hata tone halikuvuja. Nikamwambia nahodha, "Tayari, mzee."

Kumbe upande ule, kabla ya kufika pampu, petroli haisukumwi. Inavutwa. Tundu linaloweza kuingiza hewa si lazima litoe tone, kwa hiyo kutazama tu hakusaidii. Injini ikienda polepole inavumilia. Ukiifungulia, inataka petroli nyingi, inavuta hewa, inakohoa.

Ilikohoa tukiwa katikati ya safari, kisha ikazima. Nilibonyeza pampu ya mkono, ile ya mpira. Inapaswa kuwa ngumu kama ngumi. Ilikuwa laini kama chungwa bovu, na kila nikibonyeza nasikia hewa ikikoroma ndani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Kongo, na upepo wa kutoka kwenye genge la miamba la upande wetu ulikuwa unatusukuma huko huko, mbali na nchi kavu. Mama mmoja akamfunga mtoto wake kifuani kwa kanga, akafunga na fundo la pili. Fundo lile naliona hadi leo.

"Nani alifunga hii?" nahodha akauliza.

"Mimi, mzee."

Hakunigombeza. Alifungua kikombe cha chujio, akavuta kwa kucha uzi mweupe mwembamba, kama mshipa wa nyama. Tepu yangu. Ilikuwa imekatika kwenye meno na kusafiri na petroli. Kisha akageukia abiria: "Mama, ile sabuni yako, nikatie kidogo."

Mama alikuwa ameuza chumvi yake ya Kibiro sokoni, akanunua miche miwili ya sabuni. Alikata kipande bila kuuliza cha nini. Nahodha akakikanda kwa kidole gumba, akakipachika kuzunguka shina lote la elbo, akafunika kwa karatasi ya nailoni na kufunga kwa uzi wa nyavu. "Petroli haili sabuni," akaniambia. "Maji ndiyo yanaila." Nilibonyeza pampu. Mara ya sita ikawa ngumu. Injini ikashika, tukaenda taratibu, tukafika usiku.

Baba mdogo aliporudi nilimweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, akaniambia nilete tangi. Aling'oa bamba la juu, akasugua meno kwa brashi ya waya na kuyaosha kwa petroli safi, akayaacha yakauke kabisa. Shaba akaipaka grisi, utando tu. Kisha akachanganya gundi ile ya mirija miwili, akapaka ndani ya tundu la alumini, akaizungusha elbo ndani yake kwa mkono. Grisi ilikuwa ya kuizuia gundi isishike shaba. Kesho yake aliifungua, na ndani ya tundu kulikuwa na meno mapya, makali, ya rangi ya asali. Akasafisha grisi, akapaka gundi ya kuzibia isiyoyeyushwa na petroli, akiacha meno mawili ya mwanzo matupu ili kisiingie kitu ndani. Akakaza kwa spana fupi.

"Ziba huku chini kwa kidole, mwanangu," akasema. Nikaziba mrija wa kuvutia petroli. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli, huku elbo imepakwa povu la sabuni. Tuliinama wote wawili, vichwa vikigusana, tukiangalia kama kuna kiputo kitakachovimba. Povu lilitulia. Akaniambia nirudie peke yangu, mara tatu.

Mtumbwi ulipoenda Kibiro tena nilipanda, na mche mzima wa sabuni mkononi kwa ajili ya yule mama.