Punda Si Wangu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya subira. Aya nilishazichagua, na mfano mmoja mzuri wa mvuvi nilikuwa nao. Basi Jumanne baada ya alasiri punda akapiga magoti mlangoni pangu, na subira yote ikanitoka kichwani.

Wanaonijua wanajua kwamba tangu mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ninaongeza chumba juu ya nyumba, kijana wangu akioa apate pa kulala. Mawe tunayatoa Manda, kisiwa jirani, yanakuja kwa mashua mpaka gatini, na kutoka gatini hakuna gari la kuingia kwenye vichochoro vya Lamu. Lori letu ni punda. Nikamkodi kijana mmoja, malipo kwa safari. Akataja bei yake, nikamkata shilingi 10 kila safari, nikaondoka pale nikijiona mjanja wa mjini. Sasa fanyeni hesabu nanyi. Kijana aliyekatwa shilingi 10 hapunguzi ugali wake, ana mama wa kulisha. Anaongeza jiwe, ili akubaliwe siku nzima na tajiri asije akatafuta mwingine mwenye punda mwenye nguvu. Siku ya kwanza yalikuwa mawe manne. Siku ya tatu yalikuwa sita, nami nikafurahi kwamba kazi inakwenda.

Na kidonda nilikiona. Hili nalisema mapema, asije mtu akanitafutia udhuru. Nilikiona tangu Jumapili, pale yanapokaa matandiko, juu ya uti wa mgongo, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Kijana alikuwa amekifunika kwa kipande cha gunia, gunia lenyewe limegandana na usaha, nzi wanaingia kwa chini na kutoka. Kila punda alipopita mbele yangu mimi nilikuwa nahesabu mawe.

Jumanne alifika kwenye ngazi za mwisho akasimama. Miguu ya mbele ilianza kutetemeka, kisha akakunja magoti taratibu, kama anayetaka kusujudu, mawe yakiwa bado mgongoni. Kijana akaniambia, "Ami, huyu amechoka. Tuache mpaka kesho."

Nikamjibu, "Zimebaki safari mbili tu, mwanangu."

Wala sikupaza sauti. Nilisema kwa upole ule ule ninaowaambia wanafunzi wakae chini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningekuwa na hasira ningesingizia hasira.

Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi mtu mzima, alitoka na ndoo ya maji, akaiweka mbele ya punda, akasubiri mpaka amekunywa. Ndipo akanitazama. "Mwanangu, hayawani huyu akienda kukusemea kwa Mola wake, atasema nini?" Akachukua ndoo yake akaingia ndani.

Mnaijua ile hadithi ya ngamia, aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullahi bin Jaafar, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingia katika bustani ya mtu wa Answari, ngamia akamwona, akalia mpaka machozi yakamtoka. Akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio, ngamia akanyamaza. Ndipo akauliza: mwenye ngamia huyu ni nani? Akaja kijana wa Kianswari, akaambiwa humwogopi Allah kwa mnyama huyu aliyekumilikisha, amenishitakia kwamba unamtia njaa na unamchosha.

Usiku ule niliisoma tena, na mtaniwia radhi, nafsi yangu ilikimbilia neno moja: mwenye. Mwenye ngamia ndiye aliyeulizwa. Mimi punda si wangu. Mimi nimelipa, na nimelipa kwa wakati, wengine hata hawalipi. Nikalala nalo hilo kama saa moja hivi, likanipa usingizi kidogo. Lakini mafaqihi wetu hawakutuachia mlango huo. Fungueni mlango wa ijara, yaani wa kukodi, mwone: aliyekodi mnyama akambebesha zaidi ya walichoafikiana, akifa mnyama, dhamana ni ya aliyekodi. Kwa hiyo neno lile "mwenye" halinifichi: kamba ameishika kijana lakini mzigo ni wangu. Na mimi ndiye niliyepanga bei iliyoyaleta mawe mawili ya juu.

Ndugu zangu, hapa nitasema kwa ukali kidogo, na anayekemewa wa kwanza ni mwandishi. Sisi watu wa mji huu tumezoea. Tunasikia "Simila! Simila!" nyuma yetu, tunajibana ukutani, mnyama anapita na mgongo uliochubuka, tunakung'uta kanzu na kuendelea na habari ya siasa. Ijumaa tunatia noti kwenye sanduku la msikiti. Jumamosi tunabishana na mtoto wa mtu juu ya shilingi 10 za mchanga. Mfungo sita tukifika kwenye Maulidi tunajazana kuangalia mashindano ya punda, tunapiga vigelegele, tunapiga picha, na aliyeshinda tunamjua kwa jina. Aliyebeba mawe ya msikiti tunaoswalia anaitwa nani?

Tena tumemtungia na methali, shukrani ya punda ni mateke. Mwaka mzima huyu ndugu yetu amebeba maji, boriti, saruji, magodoro ya maharusi na wagonjwa wa kupelekwa kwenye boti, halafu anayezungumziwa shukrani ni yeye!

Na angalieni tunachokikumbuka katika dini. Muulize mtoto yeyote wa chuo cha Qur'ani kuhusu punda, atakwambia sauti mbaya kuliko zote, kama alivyosema Luqman akimuusia mwanawe. Atakwambia ukimsikia analia jikinge kwa Allah na shetani. Ni kweli, yote yamo. Lakini ni wangapi tumewafundisha kwamba sahaba Muadh bin Jabal alipofundishwa haki ya Allah kwa waja wake, kwamba wamwabudu wala wasimshirikishe na chochote, alikuwa amepanda nyuma ya Mtume juu ya punda aliyekuwa na jina lake, Ufayr? Imo kwa Bukhari. Somo la tauhidi yenyewe lilitolewa mgongoni mwa punda. Nadhani Ufayr hakuwa na gunia lililogandana na usaha.

Nikafungua na An-Nahl, aya ya 7 na ya 8, ambazo tunazisoma mbio mbio. Allah anataja wanyama wanaotubebea mizigo mpaka miji tusiyoweza kuifikia ila kwa kujitaabisha, kisha anataja farasi, nyumbu na punda, tuwapande na wawe pambo. Pambo, jamani. Lakini nililolala nalo mimi ni mwisho wa ile aya ya mizigo. Hakumaliza kwa kutaja nguvu Zake. Alimaliza kwa kusema kwamba Mola wetu ni Mpole, Mwenye kurehemu. Basi mzigo ulioshushwa pamoja na upole, sisi upole tumeuacha Manda, tumekuja na mawe matupu.

Nilitaka kusema na habari za paka wanaongoja matumbo ya samaki sokoni, na wale vijana wanaowapiga kunguru kwa manati, lakini leo sina uso wa kumkemea kijana wa manati. Itakuja wiki nyingine inshaallah.

Jumatano asubuhi nilikwenda na yule kijana mpaka kliniki ya punda, ile ya shirika la Donkey Sanctuary, waliopo kisiwani kwetu tangu mwaka 1987. Nimepita mbele ya mlango ule maisha yangu yote, sijawahi kuingia. Hawakutudai hata senti. Gunia lililoweshwa maji kwanza, likabanduliwa kidogo kidogo, na punda alitulia tuli, masikio yamelala nyuma, ngozi ya bega inaruka ruka yenyewe. Kijana alimshika kichwa akawa anamnong'oneza. Ndipo nikajua kwamba ana jina, anaitwa Safari, na kwamba alikuwa wa babake marehemu. Tuliambiwa asibebe kitu mpaka ngozi ifunge.

Kijana nimempa malipo ya siku zile anazokaa bure, kwa bei aliyoitaja yeye mwanzo. Msinisifu kwa hilo. Sijui kama ningefanya lau yule bibi asingefungua mlango, na kila nikitia nia yangu kwenye mizani naona uso wake upande mmoja.

Mawe yangu bado yapo gatini, yamerundikwa karibu na ngazi, maji yakijaa yanayapiga. Watu wanauliza mbona nimesimamisha ujenzi. Kusema kwamba namngoja punda apone naona haya, watanicheka barazani. Jana baada ya isha mtu kaniuliza tena, mbele ya watu, nikamwambia nangoja saruji.

Niombeeni.