Mwana wa Nani Wewe?

Kutoka Houston hadi Natchitoches, jimbo la Louisiana, ni mwendo wa saa nne na ushei, na ukiutamka mji huo ulivyoandikwa utachekwa: wenyewe husema "Nakitish". Gari la kukodi lilikwisha nila, chumba kikamalizia. Nikasema angalau nipate sambusa, maana niliziona dirishani, nusu duara, zimekaangwa zikaiva. Nimeshauma pande la kwanza ndipo muuzaji akanieleza kwa furaha kuwa nyama ni ng'ombe na nguruwe. Nikatema. Hela hairudi.

Na njaa yangu nikateremka na mto Cane hadi Isle Brevelle kwa Wakrioli, watu wa damu ya Kifaransa na Kiafrika. Pale Melrose, shamba kubwa la zamani, wana jengo waliloliita "Nyumba ya Kiafrika". Mimi mtu wa Pangani nililizunguka mara mbili, paa limetokeza kama pama, na sijapata kuona mfano wake kwetu. Ila ghorofani mna picha alizochora Clementine Hunter, mama mweusi aliyefanya kazi shambani humo, mwaka 1955, pamba, ubatizo, mazishi. Kwa hizo nililipa kiingilio bila kununa.

Nyuma ya kanisa la Mtakatifu Augustine nikamkuta bibi mmoja anapaka makaburi chokaa, Siku ya Watakatifu Wote imekaribia. Hakuniamkia. Alinikazia macho, akauliza: "Wewe wa nani?"

Nilishtuka. Miaka kumi na moja nipo Marekani, watu huniuliza nafanya kazi gani. Swali hili niliachana nalo kwenye baraza za Pangani.

Nikamwambia natoka mbali. "Pua hiyo ya kwetu," akasema, akaendelea kupaka, na huku anapaka ananihesabia wazee wa ukoo wao. Marie Thérèse Coincoin, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1742. Metoyer, Mfaransa aliyezaa naye watoto kumi. Uhuru wake mwaka 1778, kisha miaka ya kulima tumbaku na kuwakomboa wanawe mmoja mmoja. Akaligusa kaburi la Augustin, mwanawe, aliyewajengea kanisa, akafa 1856. "Na watumwa walikuwa nao," akaongeza bila kuulizwa. "Wajukuu hawapendi niliseme. Nalisema." Madeni yalipowazidi, 1847 Melrose ikauzwa. Walioondoka wakaenda hadi Chicago na California, lakini wakifa, wengine hurudishwa hapa, na yeye ndiye ajuaye nani alale karibu na nani.

"Haya, na wewe sasa. Mama yake babu yako aliitwa nani?"

Sikujua. Nilijua jina la babu, na la babaye, basi. Nikashika brashi nikamsaidia kupaka, angalau mikono yangu isikae bure.

Kule Melrose nilikuwa nimeona ukuta uliobanduliwa makusudi wageni waone ndani: miti, na udongo uliokandwa na yale manyoya ya kijivu yaning'iniayo mitini. Wamewekea kioo. Nyumba yetu ya Pangani ilikuwa ya fito na udongo vilevile. Wana wa baba mkubwa waliiuza, ikavunjwa, ikajengwa gesti, na mimi nilitumiwa mgao wangu kwa simu. Nilinunulia viatu.

Usiku nikampigia shangazi. Nilisahau kwamba kwao ni saa kumi alfajiri.

"Nani kafa?" Hata shikamoo yangu hakuisikia.

"Hakuna, shangazi. Nataka jina la mama yake babu."

Kimya. Nikasikia kitanda kinalia.

"Ngoja niwashe taa."